Namna ya kusimuleti stata ya mota inayojishika yenyewe, kabla hujagusa waya wowote wa kweli

Mashine ya kusaga inazunguka, mahindi yanashuka, umeme unakatika. Kijana anafungua kifuniko kusafisha chekeche au anapeleka mkono kwenye mkanda kutoa kipande cha gunia kilichonasa, halafu umeme unarudi. Swali ni moja tu, je mota itaanza yenyewe? Stata, yaani boksi la kuwashia mota, ikiwa imefungwa sawasawa jibu ni hapana, mota itakaa kimya mpaka mtu abonyeze swichi ya kijani. Ikiwa imefungwa ovyo, au mota imewekwa kwenye breka tupu (swichi kuu ya kukata umeme) bila kontakta (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme), jibu ni ndiyo, na mkono wa mtu uko ndani.

Ndo maana nataka tuichukulie hii kitu kwa uzito. Kuanzia Kibaigwa kwenye soko la mahindi mpaka Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, Manyoni hadi Singida kwenye alizeti, kila senta ina mashine ya kusaga, kukoboa au kukamua, na nyingi ya hizo zinawashwa na saketi hii hii moja. Vijana wengi wanaijifunza kwa kukariri, "hii waya inaenda hapa ile inaenda pale", kontakta ikivuta na mota ikizunguka wanasema imekubali, wanafunga boksi. Lakini stata haijathibitishwa kwa sababu imewaka. Imethibitishwa pale umeme umekatika na kurudi, waya umekatika, ovalodi (kinga ya mota isizidiwe mzigo) imeruka, na kila mara mota ikafanya kile ulichokusudia. Majaribio hayo kuyafanya kwenye 400V ni hatari, kwenye simuleta, programu ya kompyuta inayoigiza saketi, ni bure na unarudia mpaka uchoke.

Kwanza elewa saketi mbili ndani ya boksi moja

Stata ya kawaida kabisa, ile inayowasha mota moja kwa moja kwenye laini, wengi wanaiita DOL, ina saketi mbili na lazima uzitenganishe kichwani kabla hujafungua kompyuta.

Ya kwanza ni saketi ya nguvu. Fezi tatu zinatoka kwenye breka, zinapita kwenye pointi kubwa tatu za kontakta (sehemu zinazogusana na kuachana), zimeandikwa 1-2, 3-4 na 5-6, zinapita kwenye ovalodi, zinaingia kwenye mota. Huku ndo kwenye ampea nyingi. Mota ya 7.5 kW kwenye 400V inakula kama ampea 15 ikiwa na mzigo kamili, na ile sekunde ya kuanza inaweza kuvuta mara sita au saba ya hapo.

Ya pili ni saketi ya kontroli, waya mwembamba na ampea kidogo sana. Fezi moja inatoka kwenye fyuzi ndogo, inapita kwenye pointi ya ovalodi 95-96, inapita stopu, inapita stati, inaingia koili ya kontakta (ule waya uliozungushwa unaokuwa sumaku) kwenye A1, inatoka A2 na kurudi nyutro. Hiyo ni kwa koili ya 230V. Kama koili ni ya 400V basi A2 inarudi kwenye fezi nyingine badala ya nyutro, kwahiyo soma maandishi kwenye koili yenyewe usibahatishe, maana koili ya 230 ukiipa 400 inaungua na ile ya 400 ukiipa 230 inanguruma tu bila kuvuta vizuri.

Sasa kujishika kunatoka wapi? Stati ni swichi ya kubonyeza na kuachia, pointi yake iko wazi muda wote isipokuwa pale kidole kipo juu. Ukiachia, koili ingekosa umeme na mota ingesimama. Kwahiyo kontakta ina pointi ndogo ya pembeni, 13-14, nayo iko wazi kontakta ikiwa imelala na inagusana kontakta ikivuta. Pointi hiyo unaifunga sambamba na stati. Ukibonyeza stati koili inapata umeme, kontakta inavuta, 13-14 inagusana, na kuanzia hapo umeme wa koili una njia ya pili isiyopita kwenye kidole chako. Unaachia, kontakta inabaki imejishika.

Hiyo pointi moja ndo kumbukumbu yote ya stata, na uzuri wake ni kwamba inasahau. Umeme ukikatika koili inaachia, 13-14 inaachana, umeme ukirudi hakuna njia tena mpaka mtu aje abonyeze. Usalama wa mkono wa yule kijana umekaa hapo.

Na stopu ni kinyume, pointi yake imegusana muda wote na ukibonyeza inaachana. Wengine wanauliza kwa nini isiwe kama stati tu. Ni kwa sababu ya waya kukatika. Stopu ikiwa ya kugusana, waya wake ukikatika au skrubu ikilegea mota inasimama, unajua kuna tatizo unatafuta. Ingekuwa ya aina nyingine, waya ungekatika kimyakimya, mashine ingeendelea kusaga kama kawaida, na siku ya dharura unabonyeza nyekundu hakuna kinachotokea.

Vifaa unavyohitaji

Kuna programu nyingi. CADe SIMU inapendwa sana na mafundi kwa sababu ina alama zote za viwandani, kontakta, ovalodi, mota ya fezi tatu, ni ndogo na inaenda hata kwenye laptopu ya zamani yenye Windows. Nyingine ni simuleta ya Falstad, hii inafunguka ndani ya brauza bila kuinstoli chochote, hata kwenye simu inafunguka ingawa kwenye kioo kidogo kuvuta waya kunachosha. Nitaenda na Falstad kwa kina kwa sababu inakuonesha umeme ukitembea, vidoti vya njano vinatiririka kwenye waya, waya wenye volti unakuwa wa kijani, na kwa mtu anayejifunza kuona umeme ukihama kutoka kwenye stati kwenda kwenye pointi ya kujishika ni somo kubwa kuliko mchoro wowote. CADe SIMU tutaigusa mwishoni kwa ajili ya fezi tatu.

Kitu kimoja cha kukubaliana, kwenye Falstad tutatumia 24V ya DC badala ya 230V ya AC. Sababu ni kwamba AC inapita sifuri kila mara na relei ya kwenye simuleta, ambayo ndo kontakta yetu, inaweza kutetemeka bila sababu inayohusiana na saketi yako. Mantiki ya kujishika ni ile ile, na paneli nyingi za viwandani kontroli yake ni 24V DC kweli.

Kuchora, hatua kwa hatua

Fungua simuleta, nenda menyu ya Circuits uchague Blank Circuit upate ukurasa mtupu. Vitu vyote vinatoka kwenye menyu ya Draw.

Anza na chanzo. Ingia Inputs and Sources, chukua voltage source ya ncha mbili ya DC, ichore wima upande wa kushoto kabisa, vuta kutoka chini kwenda juu. Bonyeza mara mbili juu yake uandike 24. Ncha ya juu ndo fezi yetu, ya chini ndo nyutro yetu. Vuta waya mrefu wa chini kutoka kushoto kwenda kulia, huo utakuwa laini ya kurudi, na uweke alama ya ground kwenye ncha yake moja ili simuleta ijue sifuri iko wapi.

Pili, weka swichi ya kawaida juu ya chanzo, iko Passive Components, inaitwa Switch. Hii ni breka na pia ndo TANESCO yetu, tutaitumia kukata na kurudisha umeme. Usiiruke hata kama inaonekana haina kazi.

Kutoka kwenye breka vuta laini ya juu kwenda kulia. Hapo tutashusha matawi mawili, la kontroli na la mota.

Tawi la kontroli linaanza na swichi nyingine ya kawaida iliyogusana, hii inasimama badala ya 95-96 ya ovalodi. Chini yake weka stopu. Simuleta haina stopu tayari, unaitengeneza hivi: weka Switch ya kawaida, ibonyeze mpaka igusane, halafu fungua sehemu ya Edit utie tiki kwenye Momentary Switch. Kuanzia hapo ukiibonyeza inaachana na ukiachia inarudi kugusana, ndo tabia ya stopu. Chini ya stopu weka Push Switch, hii ni stati, yenyewe iko wazi na inagusana ukiibonyeza.

Halafu koili. Kwenye Passive Components toleo jipya lina Relay Coil na Relay Contact kama vitu viwili tofauti, tumia hivyo, maana ndivyo michoro ya paneli inavyochorwa, koili huku na pointi zake kule, zinaunganishwa na jina tu. Chora Relay Coil chini ya stati mpaka ifike laini ya kurudi. Kwenye Edit yake label iwe K1, coil resistance weka 480, ili kwenye 24V ipite milliampea 50. On Current weka 0.042 na Off Current weka 0.025, nitaeleza baadaye kwa nini. Ukikuta toleo ulilonalo halina hivyo viwili, chukua Relay ya kawaida, ipe poles mbili, mantiki haibadiliki.

Sasa pointi ya kujishika. Chora Relay Contact pembeni ya stati, sambamba, label K1 hiyo hiyo, na hakikisha haina tiki ya Normally Closed. Ncha yake ya juu iungane na waya ulio KATI ya stopu na stati, ncha ya chini iungane na waya ulio kati ya stati na koili. Nimeweka herufi kubwa kwa makusudi, makosa mengi ya kufisha yanatokea kwenye ncha hiyo ya juu.

Tawi la pili ni la mota. Kutoka laini ya juu, baada ya breka lakini bila kupita kwenye ile swichi ya ovalodi, weka Relay Contact nyingine label K1, hii ni pointi kubwa ya kontakta, halafu taa, Lamp iko Outputs and Labels, ipe nominal voltage 24 na nominal power 5. Taa ndo mota yetu. Nimesema usipitishe tawi hili kwenye ovalodi kwa sababu hata kwenye paneli ya kweli ovalodi yenyewe haikati umeme wa mota. Mkondo wa mota unapita kwenye ovalodi unapasha vibati vya ndani, vikipinda vinaachanisha ka-pointi kadogo 95-96, na hako ndo kanaikosesha koili umeme. Ina maana fundi asipounganisha 95-96 kwenye kontroli, ovalodi inabaki pambo, mota itaungua na ovalodi imeshaonesha imeruka. Hilo linatokea mitaani, mtu kanunua ovalodi ya bei, kapitisha nyaya kubwa tatu, kaacha ncha ndogo mbili bila kitu.

Jambo la waya kwenye Falstad: nyaya zinaungana kwenye ncha tu. Waya ukipita juu ya mwingine katikati hazijaungana hata kama zinaonekana zimegusana. Ukiona ujumbe wa bad connection pale pembeni kuna ncha inaelea, itafute uivute mpaka ikae kwenye doti ya mwenzake. Hapo ndo wengi wanakata tamaa, wanasema programu mbovu, kumbe ncha moja imekosa kwa nafasi ndogo tu.

Jaribio la kuwaka, hili ni la haraka

Funga breka, yaani iguse ipitishe umeme. Hakuna kitu kinachotakiwa kutokea. Taa ikiwaka kabla hujabonyeza stati, simama hapo hapo, kuna pointi umeipa tiki ya Normally Closed au waya umeruka stati.

Bonyeza stati na ushikilie kidogo. Simuleta inatembea polepole kuliko dunia ya kweli, relei yake inahitaji milisekunde kadhaa kuvuta na ukidonoa tu kidole kinaweza kuondoka kabla haijavuta, kwahiyo shikilia au panda na Simulation Speed. Ukiona K1 zote mbili zimegusana achia. Taa inabaki inawaka, na angalia vidoti, vimehama kutoka kwenye stati vinapita kwenye pointi ya pembeni. Bonyeza stopu, vinakatika, taa inazima, ukiachia stopu haiwaki tena.

Bonyeza zote mbili kwa pamoja. Kwa mausi moja huwezi, kwahiyo itoe stopu tiki ya Momentary kwa muda uiache imeachana, halafu bonyeza stati. Taa isiwake kabisa. Stopu iko kwenye mfululizo juu ya stati na juu ya kujishika, yeye ndo mwenye neno la mwisho, na hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe kwenye mashine yoyote. Ukimaliza irudishe kama ilivyokuwa.

Majaribio ya kukatika, hapa ndo penyewe

Washa mota, taa inawaka, vizuri. Sasa fungua breka, yaani ikate umeme, taa inazima. Funga breka. Taa ikae imezima. Fanya tena na tena mpaka uelewe kwa macho kwa nini haiwaki: fuata laini ya juu, ovalodi imegusana sawa, stopu imegusana sawa, ukifika stati iko wazi, pembeni yake K1 iko wazi, njia imeisha. Ili linganisho likae kichwani, toa stati na pointi yake uweke swichi ya kawaida ya kuwasha na kuzima, kama ya taa ya chumbani. Washa, fungua breka, funga breka, mota imeondoka yenyewe. Umeona tofauti, sasa rudisha stati na pointi yake kama zilivyokuwa. Swichi ya namna hiyo inafaa kwa pampu inayojaza tenki yenyewe usiku, haifai kwa kitu chochote chenye mkanda, kisu au nyundo mahali ambapo mtu anaweka mkono.

Ovalodi nayo iende hivyo hivyo. Mota ikiwa inawaka ibonyeze ile swichi ya 95-96 iachane, taa izime, irudishe, taa isiwake. Ovalodi nyingi zina sehemu ya kuchagua zirudi zenyewe zikipoa au zisubiri mtu azirudishe kwa mkono. Kwenye stata ya kujishika hata ikirudi yenyewe mota haiondoki kwa sababu kumbukumbu imeshafutika, ila kwenye ile ya swichi ya kawaida au ya floti (boya la maji) itaondoka, itachemka tena, itapoa, itaondoka, mpaka waya wa mota uishe. Kwahiyo mkono ni bora, sana sana kwenye pampu za visima ambako mtu hayupo karibu kusikia.

Volti kushuka. Huku kwetu laini ni ndefu, kijiji kiko mbali na transfoma, jioni watu wamewasha kila kitu, volti zinashuka. Kontakta za AC zinatakiwa kuvuta kuanzia asilimia 85 ya volti ya koili, yaani kama 195V kwa koili ya 230V, na kuachia mahali fulani kati ya asilimia 75 na 20. Ndo maana nilikuambia uweke 0.042 na 0.025, kwa koili ya ohm 480 inavuta kwenye kama 20V na kuachia kwenye 12V, yaani asilimia 84 na 50 ya zile 24. Sasa bonyeza kulia juu ya chanzo, chagua Sliders, tengeneza slaida ya volti kuanzia 0 mpaka 24. Washa mota, shusha taratibu. Utaona kwenye 18V bado imeshika, ila ukiizima na kujaribu kuwasha kwenye hiyo 18V haivuti, unashikilia stati weee hakuna kitu. Hali hiyo fundi ukiikuta site unaweza kubadilisha kontakta nzima bure, kumbe mita tu ingekuambia volti ni 180. Endelea kushusha, kwenye 12V inaachia, pandisha mpaka 24, haiwaki. Umeme unaoyumba unaizima mota na kuiacha imezimwa, jambo jema, maana mota inayojilazimisha kuzunguka kwenye volti ndogo inavuta ampea nyingi na kuchemka.

Sasa haribu kwa makusudi

Hifadhi kazi yako kwanza, File halafu Save As, kisha haribu kitu kimoja kimoja. Hii sehemu inakufanya kuwa fundi wa kutafuta tatizo maana ukishaiona dalili kwenye kioo utaitambua kwenye paneli.

Futa waya mmoja wa pointi ya kujishika. Mota inawaka ukibonyeza, inazima ukiachia. Site ukikuta mteja anasema "mpaka nishikilie" usipoteze muda kwenye koili wala breka, nenda 13-14.

Ipe pointi ya kujishika tiki ya Normally Closed, kosa la kuchukua 21-22 badala ya 13-14. Funga breka bila kugusa stati, utaona relei inavuta yenyewe, inajikatia, inavuta, inajikatia. Kwenye kontakta ya kweli huo ni mlio wa tatatatata na cheche, pointi kubwa zinaungua haraka sana. Zima mara moja.

Hamisha ncha ya juu ya pointi ya kujishika, itoe kati ya stopu na stati uipandishe juu ya stopu. Washa, inawaka, inajishika, kila kitu kinaonekana safi. Bonyeza stopu. Haizimi. Umeme unapita pembeni ya stopu na stati zote mbili. Ipandishe zaidi, juu ya ovalodi, sasa hata ovalodi ikiruka haizimi. Angalia hilo kosa kwa muda mrefu, kwa sababu kwenye jaribio la kuwaka halionekani kabisa, stata itapita, mteja atalipa, boksi litafungwa.

Kata waya wa stopu. Mota inasimama. Tulishaongea kwa nini hiyo ni sawa.

Ya mwisho, weka swichi ya kawaida sambamba na pointi kubwa ya K1 kwenye tawi la taa na uigusanishe mota ikiwa inawaka. Hizo ni pointi kubwa zilizogandana kwa joto. Bonyeza stopu, koili inaachia kweli, K1 ya pembeni inaachana kweli, na taa inaendelea kuwaka. Hapo hakuna stopu wala ovalodi itakayosaidia, ni breka kubwa tu. Kwahiyo breka au swichi kuu iwe mahali mtu wa mashine anaifikia kwa mkono, isiwe imefungiwa stoo nyuma ya magunia.

Kuongeza: vituo viwili na kisima

Mashine kubwa za kukamua alizeti mara nyingi mwendeshaji yuko upande mmoja na mpokeaji mafuta upande mwingine, wanataka stopu kila upande. Kanuni ni fupi, stopu zote zinaingia kwenye mfululizo, stati zote zinaingia sambamba, pointi ya kujishika inabaki moja kwa stati zote. Ongeza kwenye simuleta ujaribu stopu ya kila upande peke yake.

Kwa kisima, na Dodoma hii maji mengi ya mjini yenyewe yanatoka visimani kule Makutupora, kuna swichi ya kiwango cha maji kulinda pampu isizunguke kavu. Pointi yake iingie mfululizo karibu na stopu. Maji yakiisha inaachana, kontakta inaachia, na kwa sababu ya kujishika pampu haitaanza tena maji yakirudi mpaka mtu abonyeze. Wengine hawataki hivyo, wanataka ijiwashe, hapo inabidi uondoke kwenye kujishika uende swichi ya kuchagua mkono au otomatiki. Amua kwa kuangalia nani yuko karibu na pampu.

Fezi tatu kwenye CADe SIMU

Ukishaelewa mantiki, ichore upya kwenye CADe SIMU kwa alama za kweli: L1 L2 L3 na N, breka, kontakta KM1, ovalodi, mota, na upande wa kulia kontroli. Cha msingi pale ni majina, koili na pointi zake zote ziandikwe KM1 bila kutofautiana, ovalodi ya nguvu na 95-96 ziwe na jina moja, la sivyo koili itavuta na pointi hazitasogea. Ukianzisha simulesheni unabonyeza vitu kwa mausi, breka, stati, hata ovalodi unaweza kuirusha.

Jaribu kukata fezi moja, mfano L3, huku koili iko kati ya L1 na N. Koili haijui chochote, imeshika kama kawaida kwa sababu fezi yake ipo. Kwenye mota ya kweli hapo inanguruma, inavuta ampea nyingi kwenye fezi mbili zilizobaki na kuungua, na kinachoweza kuiokoa ni ovalodi iliyosetiwa sawa na ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha maelezo cha mota pamoja na zile ncha mbili za 95-96. Ukitaka ulinzi wa haraka zaidi unaongeza relei ya kuangalia fezi, pointi yake nayo mfululizo na stopu.

Kutoka kwenye kioo kwenda kwenye boksi

Printi mchoro au uupige picha, uandike namba za waya. Kazi ya kuunga kwenye laini yenyewe ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), kama huna fanya chini ya mwenye nayo.

Ukimaliza kufunga paneli usiunganishe mota kwanza. Acha zile ncha za kwenda mota chini ya ovalodi zikiwa tupu, zimefunikwa, uipe paneli umeme na urudie majaribio yote kwa mpangilio ule ule: funga breka isivute, stati ivute na ibaki, stopu iachie, kata breka na urudishe isivute, bonyeza kile kitufe cha test kwenye ovalodi iachie. Kila kimoja unasikiliza kontakta ikigonga. Likifeli lolote zima breka, pima kwa mita kuhakikisha hakuna umeme, ndo ufungue waya.

Yakipita yote zima, unga mota bila mkanda, washa kidogo uangalie inazungukia upande gani. Ikizunguka kinyume zima, badilisha fezi mbili zozote kwenye nyaya za mota. Halafu funga mkanda, weka mzigo, pima ampea za kila fezi kwa mita ya klampu. Zikiwa karibu sawa na hazizidi za kwenye kibati, seti ovalodi kwenye ampea hizo za kibati, funga mlango wa boksi, na mwoneshe mwendeshaji wa mashine yuko wapi breka kuu.